Weupe kwenye tumbaku ya kiko: jinsi ya kujua kama ni ukungu, na la kufanya

Ukikuta weupe juu ya tumbaku uliyoihifadhi muda mrefu, mvutaji mmoja atakwambia ni sukari tu, mwingine atakwambia tupa yote. Kila mmoja wao ana siku zake za kuwa sahihi, kwa sababu tumbaku iliyokaa hutoa fuwele nyeupe za asili, na tumbaku hiyohiyo ikiwa na maji mengi huota ukungu mweupe. Vitu hivi viwili hufanana kwa macho ya haraka, lakini ukivichunguza kwa utaratibu havifanani hata kidogo. Mwongozo huu unakupitisha kwenye uchunguzi huo, kisha unakueleza la kufanya kwa kila jibu utakalopata.

Natanguliza sharti moja ambalo silegezi. Weupe ambao hujathibitisha kuwa si ukungu hauingii kwenye kiko. Moshi wa tumbaku peke yake una madhara yake: saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu, magonjwa ya moyo, na uraibu wa nikotini, kuvuta kwa kiko hakumkingi mtu na hayo. Kuongeza sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na ukungu, juu ya mzigo huo ni jambo lisilo na sababu, hata kama tumbaku yenyewe ni ya thamani na haipatikani tena.

Hatua ya 1: Funga kwanza, usinuse

Mkono wa mvutaji una mazoea. Chupa ikifunguliwa tu, inakwenda puani. Hapa ndipo pa kujizuia. Ukungu uliokomaa hubeba spora, yaani mbegu zake, kwa maelfu, nyepesi kuliko vumbi, na pumzi moja ya karibu inatosha kuziingiza mapafuni. Rudisha mfuniko, zima feni, peleka chupa mezani penye mwanga wa kutosha, na utandike karatasi nyeupe.

Vaa barakoa nzuri, ya aina ya N95 ukiweza, na glavu. Kama una pumu, mzio wa ukungu, au kinga yako ya mwili imeshuka kwa sababu ya matibabu ya saratani, kupandikizwa kiungo, au dawa za steroidi za muda mrefu, kazi hii si yako. Mwachie mtu mwingine, au tupa chupa ikiwa imefungwa vilevile na usihangaike kujua ilikuwa nini. Kuna kuvu za jamii ya Aspergillus ambazo kwa mtu mwenye afya hazifanyi lolote la kuonekana, lakini kwa mwenye kinga dhaifu huweza kujenga makazi ndani ya mapafu.

Kabla ya kufungua tena, izungushe chupa na uitazame kupitia kioo. Je, kuna matone ya maji kwenye kuta au chini ya mfuniko? Weupe uko wapi: umetawanyika sawasawa kila mahali, au umejikusanya upande mmoja? Ukiona nyuzi zimetoka kwenye tumbaku zikapanda ukutani mwa chupa, huna haja ya kuendelea na uchunguzi. Fuwele hazipandi ukuta. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5.

Hatua ya 2: Tazama kwa mwanga wa pembeni

Hii ndiyo hatua yenye majibu mengi, kwa hiyo usiiharakishe. Chukua kipande kimoja kwa kibano, kiweke kwenye karatasi, kisha umulike kwa tochi kutoka ubavuni, mwanga ukipita karibu sambamba na meza. Mwanga wa juu huficha mengi. Wa pembeni hutupa kivuli, na kivuli ndicho kinachokuonyesha kama kitu kimelala au kimesimama.

Fuwele hulala. Jani la Virginia, hasa lililokaushwa kwa joto la bomba, lina sukari nyingi ya asili, na watengenezaji wengi huongeza utamu mwingine wakati wa kulitayarisha. Tumbaku ikikaa miaka, na maji yake yakipungua kidogo, sukari na asidi za kwenye jani husogea juu na kuganda. Chini ya kioo cha kukuzia cha mara 10 utaona chembe zenye pembe na nyuso bapa, zinazometa unapogeuza kipande. Zinafuata sura ya jani: kwenye bonde zimo, kwenye mgongo zimo. Mara nyingi vipande vyote vya safu moja vinazo kwa kiasi kinachokaribiana. Hutokea zaidi kwenye vipande bapa vilivyoshindiliwa na kwenye vibonge kuliko kwenye tumbaku iliyokatwa nyuzi.

Ukungu husimama. Ni nywele laini zinazoinuka kutoka kwenye jani, hazimeti, na zina kitovu: palipoanzia pamesongamana, pembezoni pamechanua. Ukivuta vipande viwili vilivyogusana, unaona nyuzi zimevishika pamoja kabla hazijakatika. Kwa kioo cha mara 30 utaona hata vichwa vidogo juu ya nyuzi, ambavyo ndiyo makazi ya spora. Rangi husaidia upande mmoja tu. Kijani, bluu ya kijivu, njano iliyoiva, nyeusi: huo ni ukungu, hakuna mjadala. Lakini weupe hauthibitishi usalama, kwa sababu ukungu mchanga wa karibu kila aina huanza ukiwa mweupe na hupata rangi pale spora zinapokomaa.

Angalia pia mahali. Ukungu hupenda pale maji yalipobaki: kwenye mishipa minene ya jani, ambayo hushika maji kuliko jani lenyewe, katikati ya vipande vilivyokunjwa, chini ya mfuniko, na upande wa chupa uliokuwa umegusa ukuta wa baridi. Weupe ulioko kwenye mishipa tu, huku jani likiwa safi, unanitia shaka zaidi kuliko weupe uliotapakaa.

Kuna vitu vingine vinavyomdanganya mtu. Mshipa wa jani wenyewe, ukikatwa kwa mashine, huonyesha moyo wake mweupe wa njano. Huo ni mmea tu. Majani mengine yana madoadoa meupe yaliyotokea shambani, yamo ndani ya jani na hayakwanguki. Karatasi ya ndani ya mkebe huacha nyuzi zake, ambazo ni ndefu, zilizonyooka na hazikujishika popote. Na ukiona unga wa kahawia pamoja na vitundu vya duara vilivyotoboka jani kwa jani, umekutana na mdudu wa tumbaku, mbawakavu mdogo wa kahawia ambaye kitaalamu huitwa Lasioderma serricorne. Huyo ana tiba yake, na si habari ya ukungu.

Hatua ya 3: Tone la maji

Weka kipande kwenye sahani nyeupe, kisha udondoshe tone moja la maji ya uvuguvugu juu ya weupe huku ukitazama kwa kioo cha kukuzia. Fuwele za sukari huyeyuka mbele ya macho yako. Kingo zake zinalainika, zinapotea, na jani linabaki na rangi ya giza inayolingana. Zipo fuwele zinazochelewa, kwa hiyo subiri dakika chache kabla ya kutoa hukumu.

Ukungu hauyeyuki. Mara nyingi tone hukaa juu yake likiwa duara, kwa sababu nyuzi zimeshika hewa na hazilowi upesi. Baadaye nyuzi hulegea na kulala kama utando wa kijivu, lakini zipo. Zisukume kwa ncha ya sindano: ukungu hujiviringisha au hujipaka, fuwele hukwaruza.

Usitumie spiriti badala ya maji. Sukari ya kawaida haiyeyuki vizuri kwenye spiriti kali, hivyo fuwele isiyo na hatia itabaki palepale na utaihukumu kuwa ukungu. Tochi ya urujuanimno nayo siishauri kwa kazi hii, ingawa wengi huipenda. Tumbaku yenyewe ina kemikali ya asili iitwayo skopoletini ambayo hung'aa bluu chini ya mwanga huo, kwa hiyo jani safi kabisa linaweza kukung'alia.

Kipande ulichokipima usikirudishe kwenye chupa, hata kama kimefaulu. Kimelowa, na kitakuwa mbegu ya tatizo unalolichunguza.

Sasa ndipo harufu inapoingia, na bado si kwa kuingiza pua. Shika chupa mbali kidogo, upepee hewa yake kwa kiganja. Virginia iliyokaa huwa na ukali wa siki na utamu wa matunda makavu. Perique, aina nyingine ya tumbaku, ina uchachu mzito. Latakia, nayo aina ya tumbaku, ina moshi, kwa kuwa jani lake hukaushwa kwa moshi wa kuni. Na tumbaku inayoendelea kuchacha inaweza kutoa mnuko kidogo wa amonia. Yote hayo ni kawaida. Uvundo wa ukungu ni ule wa nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi zikasahaulika sandukuni. Ukiusikia, uamini. Usipousikia, usihitimishe neno, kwa sababu moshi wa Latakia na manukato ya tumbaku zilizotiwa vionjo vinaweza kuufunika kabisa.

Hatua ya 4: Kama bado hujui, subiri

Tenga vipande vichache vyenye weupe kwenye chupa ndogo, safi na kavu kabisa. Ifunge, andika tarehe, uiweke kwenye joto la kawaida la chumbani. Piga picha leo kwa mwanga uleule na umbali uleule utakaoutumia baadaye, ukiweka rula pembeni. Chupa kubwa ibaki imefungwa, mbali na nyingine. Baada ya wiki moja piga tena, kisha wiki ya pili.

Weupe ukipanuka, ukiinuka au ukibadilika rangi, ni kiumbe hai. Weupe ukibaki vilevile, jibu linategemea unyevu wa tumbaku. Kama tumbaku ina unyevu wa kawaida na hakuna kilichobadilika, hiyo ni dalili nzuri. Kama ni kavu kiasi cha kuvunjikavunjika, huna jibu, kwa sababu ukungu hulala usingizi kwenye ukavu bila kufa. Na usijaribu kuuamsha kwa kuweka pamba yenye maji ndani ya chupa ya majaribio: tumbaku yoyote ile ukiilowesha vya kutosha itaota ukungu, hata iliyokuwa salama, na jaribio litakuwa limekudanganya.

Wiki mbili zikipita na macho, maji na subira vyote vimeshindwa kukata shauri, ichukulie kuwa ni ukungu. Najua inauma kutupa kitu ambacho pengine kilikuwa sukari.

Hatua ya 5: Ukungu ukithibitika, chupa nzima inatoka

Hapa ndipo watu wengi hujadiliana na nafsi zao. Sehemu iliyoharibika ni ndogo, nitaikata. Nitaanika juani. Nitaipitisha kwenye oveni. Nitaigandisha. Nitainyunyizia pombe kali. Naomba uelewe kwa nini hakuna hata moja linalofaa.

Kwanza, kile unachokiona ni sehemu iliyotokeza. Nyuzi za kuvu huingia ndani ya jani na kati ya vipande muda mrefu kabla ya kuonekana juu, na spora zikishatoka zimesambaa chupa nzima kila ulipoitikisa. Pili, kuua kuvu na kuondoa sumu yake ni mambo mawili tofauti. Baadhi ya kuvu za jamii ya Aspergillus na Penicillium hutengeneza sumukuvu, na sumu hizo hubaki pale hata kuvu yenyewe ikifa. Aflatoksini, inayojulikana zaidi kwa kuharibu nafaka na karanga, haiondoki kwa kuchemsha, na huvumilia joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi. Oveni ya nyumbani haitaimaliza kabla haijamaliza tumbaku yako. Kugandisha ndiko dhaifu zaidi: spora huvumilia baridi na huamka ukizirudisha kwenye joto. Na si kila ukungu una sumu. Tatizo ni kwamba huwezi kuutambua wenye sumu kwa macho, nyumbani hakuna kipimo.

Kuna hoja moja inayosikika kuwa ya akili, kwamba kaa la kiko lina joto la mamia ya nyuzi, basi litateketeza kila kitu. Fikiria jinsi kiko kinavyofanya kazi. Tumbaku iliyo chini ya kaa haiungui mara moja. Inapashwa joto na hewa ya moto inayopita, vitu vyake vinapukutika kwa mvuke na kubebwa na moshi hadi mdomoni. Nikotini na harufu hukufikia kwa njia hiyohiyo, bila kuteketezwa. Tena kila mvutaji hukivuta kiko kabla ya kukiwasha, apime kama amekijaza vizuri. Pumzi hiyo ya kavu inapita katikati ya spora bila moto wowote.

Kwa hiyo tupa tumbaku yote iliyo ndani ya chupa hiyo. Iweke chupa ndani ya mfuko wa plastiki kwanza, ndipo uifungue na kumwaga tumbaku ndani ya mfuko huo, kisha ufunge vizuri na kupeleka takatakani. Usiichome, kwa sababu moshi wake nao hupumuliwa. Usiimwage bustanini wala mahali mtoto au mnyama anapofika. Nikotini ni sumu kwao hata isipokuwa na ukungu. Kama ni mkebe mpya ulioununua karibuni, piga picha, uache umefungwa ndani ya mfuko, na uwasiliane na muuzaji kabla ya kuutupa.

Mpaka wa hukumu ni chombo. Kama ulinunua tumbaku nyingi ukaigawa kwenye chupa kadhaa, chupa moja ikiota ukungu nyingine hazijahukumiwa, ila zote zina maji yaleyale ya mwanzo, hivyo zikague moja moja kwa hatua hizihizi. Badilisha glavu kati ya chupa na chupa.

Na kama umeshaivuta kabla ya kuona? Mtu mwenye afya njema kwa kawaida hapatwi na jambo kubwa kwa mara moja. Acha kuvuta, ujiangalie. Ukipata kikohozi kisichoisha, homa, kubanwa na kifua au kuishiwa pumzi, nenda hospitali na umweleze daktari wazi kwamba ulivuta tumbaku yenye ukungu, kwa sababu hatalifikiria jambo hilo asipoambiwa. Mwenye kinga dhaifu asingoje dalili.

Hatua ya 6: Safisha chombo, rafu na kiko

Chupa ya kioo inaokoka. Mpira wa kuzibia, vyombo vya plastiki vyenye mikwaruzo, na masanduku ya mbao yasiyopakwa kitu haviokoki, kwa kuwa spora hujificha kwenye vinyweleo. Osha kioo na mfuniko wa chuma kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kisha uviweke kwenye sufuria ya maji na kuanza kuchemsha maji yakiwa bado ya uvuguvugu, ili kioo kisipasuke. Yakishachemka, hesabu dakika 10, na uongeze kama unaishi nyanda za juu ambako maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Usikaushe chupa kwenye oveni. Nyingi hazikutengenezwa kwa joto kavu. Ziache zikauke hewani siku nzima, mdomo chini kwanza, halafu mdomo juu. Mfuniko ndio unaochelewa, kwa sababu maji hujificha kwenye mkunjo wake, na tone hilo moja ndilo linaloharibu tumbaku ya watu wengi kuliko sababu nyingine yoyote ninayoijua.

Rafu ioshwe kwa sabuni, ikauke, ndipo uipanguse kwa maji yenye dawa ya klorini, isizidi mililita 240 kwa karibu lita 4 za maji. Fungua madirisha. Klorini haichanganywi na siki, amonia wala sabuni nyingine kali, kwani mchanganyiko hutoa gesi ya sumu.

Kiko kilichotumika na tumbaku hiyo nacho kina kazi. Kikiwa baridi, chomoa shina, kwangua kaboni iliyoganda kwenye bakuli hadi ibaki ngozi nyembamba, kisha upitishe vijiti vya pamba vya kusafishia vilivyochovywa kwenye pombe kali ya kunywewa mpaka vitoke safi. Usitumie spiriti ya kuwashia, ambayo huweza kuwa na methanoli. Pombe isiguse rangi ya nje ya kiko. Kiko cha udongo mweupe wa mirshamu kisitiwe pombe kabisa. Acha kikauke siku kadhaa, na usikiwashe kikiwa bado kinanuka pombe. Kiko kinachohifadhiwa kikiwa na mabaki mabichi ndani kinaweza kuota ukungu chenyewe, bila kosa lolote la tumbaku.

Hatua ya 7: Tafuta maji yalikotoka

Ukungu hauhitaji mengi: chakula, hewa, joto la wastani na maji. Tumbaku ni chakula, hewa haikosekani, na joto tunaloishi nalo linaufaa. Kilichobaki mikononi mwako ni maji. Tumbaku iliyofungwa chomboni hugawana unyevu na hewa iliyo juu yake mpaka vilingane. Hewa hiyo ikibaki na unyevu wa asilimia 65 au chini, kuvu nyingi hazimei. Ikivuka 70, mlango umefunguka.

Kipimaunyevu kidogo cha kidijitali kinaweza kukaa ndani ya chupa siku moja na kukupa jawabu. Kihakiki kwanza: changanya chumvi ya mezani na maji kidogo iwe tope, weka kwenye chombo kilichofungwa pamoja na kipimo, bila kugusana. Baada ya muda wa saa nane au zaidi kipimo kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 71, ujue kinapunguza 4.

Njia nyingine ni mizani, ambayo hupima maji yaliyo ndani ya tumbaku yenyewe, si unyevu wa hewa. Pima gramu 10 za tumbaku, itandaze kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi mpaka uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 8.5, unyevu ulikuwa karibu asilimia 15. Wavutaji wengi huridhika na asilimia 12 hadi 15 wakati wa kuvuta, na tumbaku nyingi hutoka kiwandani zikiwa na maji zaidi ya hayo. Ikifika 20 au kupita, na haina kihifadhi, usiifungie chupani ilivyo. Itandaze saa moja au mbili kwanza.

Vidole hudanganya, hasa kwenye tumbaku zenye vionjo. Hizo hutiwa propilini glaikoli, ambayo hushika maji na pia huzuia kuvu, kwa hiyo hunata mkononi na kuonekana mbichi hata zikiwa salama. Tumbaku asilia isiyo na kihifadhi inaweza kuhisi kavu kuliko hiyo na bado ikawa hatarini.

Baada ya kujua kiasi, tafuta chanzo. Kuna desturi ya zamani ya kutia kipande cha tofaa, kiazi au ganda la chungwa kwenye tumbaku iliyokauka. Iache. Unatia maji, sukari na spora kwa pamoja. Tumbaku iliyokauka hurudishwa kwa kuitandaza kwenye bakuli pana na kufunika bakuli kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kisichogusa tumbaku, huku ukiikagua kila saa. Chanzo kingine ni tumbaku iliyorudishwa. Kile kilichobaki kwenye bakuli la kiko kimeguswa na mate, na kile cha mfukoni kimeguswa na jasho. Vyote viwili visirudi chupani. Halafu kuna joto linalopanda na kushuka: chupa ikikaa karibu na dirisha, jiko au ukuta wa nje, mchana maji hutoka kwenye tumbaku, usiku hujikusanya upande wa baridi, na doa la upande mmoja huanza hapo hata kama wastani wa unyevu ni mzuri. Kabati la ndani, lenye giza na joto lisiloyumba, ndilo mahali pake. Friji si mahali pake.

Hatua ya 8: Hifadhi upya

Jaza chupa ndogo hadi karibu na mdomo badala ya chupa kubwa nusu. Hewa kidogo, ukungu mdogo, na ukipoteza, unapoteza kidogo. Tumia chupa za kioo zenye mfuniko ulio na mpira mpya wa kuzibia. Mifuko ya plastiki ya kawaida hupitisha unyevu polepole. Andika jina la tumbaku, tarehe na unyevu uliopima. Miezi miwili ya kwanza zitazame kupitia kioo kila wiki bila kufungua, kwa sababu kosa la unyevu hujionyesha mapema.

Mikebe ya kiwandani ambayo haijafunguliwa iache ilivyo, ila ikague kutu mara kwa mara. Tundu la kutu lisiloonekana linatosha kuingiza hewa, na mikebe ya pembe nne hupoteza mkazo wake wa kufunga upesi kuliko ya duara. Mkebe uliovimba kidogo haujaharibika kwa sababu hiyo pekee. Tumbaku inayochacha ndani hutoa gesi. Ufungue juu ya karatasi nyeupe, barakoa ikiwa usoni, na utazame upande wa ndani wa mfuniko kabla ya kugusa jani.